Jivu Kwenye Tangi la Muthoki

"Nifungulie, Nzioka!"

Hakuna aliyefungua. Upande wa pili wa mlango wa bati, Nzioka alicheka kile kicheko chake cha puani, kisha akaupiga mlango kofi moja ili walio nje wajue kwamba komeo limeshika.

Hapo ndipo tulipomwacha Muthoki toleo lililopita, amefungiwa ndani ya karakana yake, na mimi wiki nzima sikupata usingizi wa maana. Kama hukuwa nasi, usihangaike, shika mambo mawili tu. Kwanza, kijiji cha Kalamba kina kisima kimoja kinachovutwa na jenereta moja. Pili, kwa miezi minane jenereta hiyo imekuwa ikinywa dizeli ya Muthoki, mjane anayeitengeneza hapo hapo kwenye ua wa kisima, katika karakana aliyoachiwa na mumewe.

Tangu jana mchana jenereta imegoma. Asubuhi hii ilikohoa mara mbili, ikafa kabisa.

"Kaa hapo na vidudu vyako," Nzioka akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Vikianza kukula utumbo, tutajua vinafanya kazi!"

Wanawake waliokuwa nje wakacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Huyu Nzioka ni shemeji ya Muthoki, ndugu wa marehemu mumewe, mwenye pampu ya mafuta pale njia panda. Zamani ni yeye aliyekiuzia kisima dizeli. Hajawahi kumsamehe shemeji yake kwa kumnyang'anya mteja huyo, na hilo neno vidudu ni yeye aliyelipanda.

Muthoki alikuwa ameeleza mpaka mate yakamkauka. Hakuna mdudu. Ni vimeng'enya, vya jamii moja na vile vilivyomo tumboni mwako vinavyokusagia nyama ya mbuzi. Unavitia kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi kule mjini Wote, au mafuta ya ng'ombe kutoka kichinjio cha Abdille. Unaongeza methanoli, ile spiriti inayowaka upesi, kidogo kidogo, unaweka joto kama la mwili wa mtu, na baada ya siku moja dizeli inakaa juu na gliserini inashuka chini. Watu walisikiliza, wakaitikia kwa kichwa, wakaenda nyumbani wakasema vidudu.

"Fungua huo mlango!" sauti nyingine ikanguruma. "Mtu hafungiwi kama kuku wa Krismasi."

Alikuwa Kisilu, mwenyekiti wa kamati ya kisima, mwalimu mstaafu. Komeo likarudi kwa kelele. Jua likamwingia Muthoki machoni, na macho yalipotulia alitamani mlango ungebaki umefungwa.

Wanawake walikuwa kama sitini, kila mmoja na mtungi mtupu wa njano. Wengine alikuwa ameimba nao kanisani Jumapili. Leo walimtazama kama mtu aliyewakojolea maji ya kunywa.

"Muthoki, sitaki hotuba," Kisilu alisema. "Maji yatoke kabla ya saa sita. Yasipotoka, matangi yako tunayaweka barabarani, na karakana hii anaingia Nzioka."

"Tangi langu liko kwa lori tayari," Nzioka akadakia. "Liko hapo nje tu."

"Ulilipakia jenereta ikiwa imezima, ama kabla?" Muthoki akamuuliza.

Vichwa kadhaa viligeuka. Nzioka akatabasamu.

"Mimi ni mtu wa kujipanga, shemeji."

Kabla hajajibiwa, mtu aliyekuwa amechuchumaa kando ya jenereta akainuka. Huyo ni Haroun, fundi kutoka Kitui mjini, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Hapendi maneno mengi, na hapendi kabisa kuharakishwa. Alikuwa amefungua filta, na katikati ya vidole vyake palikuwa na kitu cheupe, kizito, chenye utelezi.

"Nipeni maji kidogo," alisema.

"Maji gani? Si ndiyo hatuna!" mama mmoja akamfokea.

Baada ya kunung'unikiana sana, nusu kikombe kikapatikana. Haroun akamimina matone kiganjani, akasugua mikono. Povu likatoka. Akasugua tena, povu likajaa mpaka kwenye vifundo.

"Hii ni sabuni," Haroun alisema.

"Asi!" mmoja akamaka kwa Kikamba.

"Tumekuwa tukitilia jenereta sabuni?"

"Sikuwaambia?" Nzioka aliruka juu. "Si niliwaambia? Huyu anachemsha sabuni, anawaletea eti ni dizeli!"

Mama mmoja alirusha mtungi wake. Ulimkosa Muthoki kichwani ukagonga bati.

Lakini akili yake ilikuwa imeamka. Sabuni! Sabuni ndiyo kitu ambacho vimeng'enya havitengenezi. Wanaotumia kostiki, ile soda kali ya kuzibulia mabomba, ndio hupata sabuni wakitia mafuta machafu. Ndiyo sababu yeye alijinyima mwaka mzima akanunua vimeng'enya. Akageuka mbio, akaingia karakana, akatoka na kreti ya chupa.

"Kila mzigo wa dizeli ninaoutoa, ninaweka chupa moja ya kupimia," alisema akihema. "Ziko nane. Fundi, tia hayo maji yaliyobaki, kidogo kidogo, kila chupa utikise. Wewe, si mimi."

Haroun akatikisa ya kwanza. Maji yakashuka chini, dizeli ikabaki juu, safi. Ya pili vilevile. Ya tatu, ya nne, mpaka ya saba. Watu walikuwa wamenyoosha shingo.

Ya nane aliitikisa ikageuka kama maziwa, na haikutulia tena.

"Saba ni nzuri," Haroun alisema. "Huyu mama anaijua kazi yake. Kuna kitu kimeingia kwenye mzigo huu wa mwisho."

"Kimeingia ama kimeingizwa?" Muthoki aliuliza, macho yake kwa Nzioka. "Nani mwingine ana ufunguo wa karakana? Si ule wa marehemu ulibaki kwako?"

"Unaniita mchawi mbele ya watu?"

"Nimekuita mtu mwenye ufunguo."

Nzioka alimrukia. Kisilu akaingiza fimbo yake katikati, na vijana wawili wakamshika Nzioka mikono.

"Saa sita," Kisilu alisema akitazama saa yake. "Bado lisaa limoja na robo."

"Una mafuta ya mizigo ya nyuma?" Haroun akamuuliza Muthoki.

"Lita sitini. Ni za mteja mwingine, lakini chukua."

"Lete. Nitaosha tangi, nibadilishe filta."

Alipomkabidhi mafuta, Muthoki alirudi ndani peke yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la pili, akavuta kamba, ukapanda mfuko wa wavu. Humo ndimo hukaa chembe ndogo kama mtama zilizobeba vimeng'enya. Ukizitunza zinafanya kazi mzigo baada ya mzigo. Rangi yake ni ya uji mweupe.

Leo zilikuwa za kijivu. Alizisugua, akanusa vidole. Jivu!

Zilikuwa zimekufa zote. Muthoki alikaa chini kwenye saruji akamtukana Nzioka kwa Kikamba, matusi ambayo siwezi kuyachapisha hapa kwa sababu gazeti hili husomwa na watoto.

"Si Nzioka," sauti ikasema mlangoni. "Ni mimi."

Alikuwa Wayua, mama mkwe wake. Mwanamke mfupi, mkavu, amesimama na mikono yake ameizungushia leso, ingawa joto lilikuwa la kupasua mawe.

"Ni wewe umefanya nini, mwaitu?" Muthoki aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba kama kawaida yake.

"Ile siku ulienda Wote kuchukua mafuta, uliacha zile mbegu zako kwa beseni. Zilikuwa zimelowa, zinanuka. Nikasema hizi zitashika ukungu, na ukungu wa huku kwetu unaua watu. Nikazianika kwa turubai pamoja na kunde. Halafu nikazitia jivu, ndio fukusi wasiingie. Nikakurudishia kwa mfuko wako."

"Mbegu? Nani alikwambia ni mbegu?"

"Ni wewe."

Na ni kweli. Muthoki alikumbuka siku hiyo vizuri. Wayua alikuwa ameuliza vitu gani hivi, naye akiwa na haraka zake akajibu: ni kama mbegu, mwaitu, ukizitunza zinakupa tena na tena. Hakuongeza neno. Nani ana wakati wa kumfundisha mama wa miaka sabini kemistri?

Hasira ilimpanda hata hivyo, hasira mbaya, ya kutaka kumwumiza mtu.

"Huna mdomo wa kuuliza? Kila kitu lazima ushikeshike? Umenimaliza, mwaitu! Nzioka ameshindwa miaka mitano kunitoa hapa, wewe umenitoa siku moja!"

Wayua aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Maneno yalikuwa yameshatoka Muthoki alipokumbuka miaka mitano hiyo. Matanga ya mumewe hayakuwa yameisha Nzioka alipokuja kuidai karakana. Wayua aliweka kigoda chake mlangoni, akakaa siku tatu, akamwambia mwanawe kwamba mke wa marehemu hatolewi hapa mama mtu akiwa hai.

Tena kulikuwa na jambo lingine lililomchoma Muthoki. Ile chupa ya nane, hakuitikisa. Kila mzigo huutikisa kabla ya kuutoa. Lakini ile siku ya kwenda Wote alirudi jioni, kamati inapiga simu, tangi la jenereta linakaribia kukauka, akautumbukiza mfuko bila kuutazama, na mzigo ulipokamilika akaupeleka hivyo hivyo.

"Nitatoka niwaambie," Wayua alisema.

"Hutasema kitu. Umewaona wale? Watakurarua. Kaa hapa."

Huko nje jenereta ikanguruma, saa sita ikiwa imeshapita kwa robo saa.

Mimi nilidhani watu watashangilia. Hawakushangilia. Maji yalitoka na kutu, kisha yakatoka safi, wanawake wakapanga foleni wakajaza mitungi bila neno. Kiu ilikuwa imepoa na hasira imebaki, na sasa walikuwa na nguvu za kuitumia.

"Haya, tuambiwe," akasema yule mama aliyerusha mtungi. "Nani alitia sabuni kwa mafuta yetu?"

Macho yote yakamwendea Nzioka. Yeye akakunja mikono kifuani.

"Muulizeni aliyenitaja," alisema.

Muthoki alisimama kizingitini mwa karakana. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo! Angenyamaza tu, Nzioka angeubeba mzigo huo mpaka kaburini, na nani angemlilia? Lakini angekuwa amembebesha mtu kosa lisilo lake. Na akisema kweli yote, watu hawa watamgeukia mama aliye nyuma yake.

"Ni makosa yangu," alisema. "Sikupima mzigo kabla ya kuutoa. Nzioka hana hatia, niliropoka."

Aliyasema akimtazama Kisilu, si Nzioka.

"Mmesikia kwa mdomo wake mwenyewe!" Nzioka aliinua mikono juu. "Mwenyekiti, matangi!"

Kisilu aligonga fimbo yake chini.

"Ungeniambia hivyo asubuhi," alisema. "Sasa watu wamelala na kiu, na mimi nilishatoa neno. Vijana, toeni hayo matangi."

Lori likaanza kurudi kinyumenyume langoni. Vijana wanne wakakunja mikono ya mashati.

"Ngojeni!"

Wayua alikuwa ametoka. Ndoo ya bluu ilikuwa imening'inia kwenye kiwiko chake, si mkononi, na alitembea ameinama upande kwa uzito wake. Akaitua mbele ya miguu ya Kisilu.

"Jivu niliweka mimi," alisema. "Hii hapa iliyobaki. Nilidhani ni mbegu. Muthoki hakujua. Kama kuna wa kutolewa hapa, nitoeni mimi."

Zogo likazuka. "Huyu mzee ana wazimu!" "Angetuua!" Mtu alimsukuma Wayua bega, akayumba. Muthoki akaruka akamshika kiunoni.

Haroun hakuwa na habari na zogo hilo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo, akichakura jivu kwa kijiti, amekunja uso.

"Jivu peke yake halifanyi sabuni nyingi namna ile," alisema, kama anayejisemesha.

Akaibua kitu kwa ncha ya kijiti, kipande cheupe, chembamba kama ganda la yai. Akakiweka juu ya jiwe, akakidondoshea maji. Kipande kikachemka, mvuke ukapanda.

"Hii ni kostiki," alisema Haroun. "Iko nyingi humu. Imechekechwa pamoja na jivu. Mama, jivu hili ulilitoa wapi?"

Wayua alilitazama lile jiwe. Kisha akainua macho, akamtazama mtu mmoja katika umati, mara moja tu, akayarudisha chini.

"Mama, nakuuliza kwa heshima."

"Jikoni," Wayua alisema polepole.

"Jikoni kwa nani?"

Wayua akaikaza leso mikononi. Haroun akaitazama ile leso.

"Na ulilichanganya na nini?"

"Na mikono. Kwani mbegu huchanganywa na nini?"

"Hebu nione hiyo mikono."

Alirudi nyuma hatua moja. Muthoki ndiye aliyeifungua leso, taratibu, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimegandamana na ngozi. Aliyekuwa karibu aliziba mdomo. Viganja vilikuwa vimechubuka, vyekundu, vinatoa maji, na kucha mbili hazikuwapo. Siku nne mama huyu amekuwa akipika, akichota, akikaa na watu, hakusema.

"Mwaitu, kwa nini hukuniambia?" Muthoki alilia waziwazi.

"Nilifikiri ni zile mbegu zako zimenichoma," Wayua akamnong'oneza. "Nikaficha. Wasije wakasema ni kweli vidudu vyako vinakula watu."

Wanawake wa mbele wakasogea waione mikono hiyo.

"Mama!" Nzioka alipiga ukelele. Sauti yake ilikuwa imepasuka, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze hadithi hii alikuwa hatanii. "Mama, nilipokupa hilo jivu si nilikwambia utumie mwiko! Si nilikwambia usishike na mikono!"

Alisikia alichosema baada ya wote kukisikia.

Mtungi wa kwanza uliwekwa chini. Wa pili. Wa kumi. Wanawake walikuwa wakipakua mizigo yao bila haraka, kama watu wanaojiandaa kwa kazi ya shamba. Nzioka aligeukia lori, na dereva akatazama kando, akapandisha kioo. Akageukia lango, akakuta limejaa watu. Palibaki njia moja. Alikimbilia ndani ya karakana, akavuta mlango wa bati nyuma yake.

Yule mama wa mtungi akafika wa kwanza. Akalisukuma komeo kwa nje.

"Hapo ndani si ndiko kuna ile kitu inaitwa methanoli?" aliuliza. "Si huwa inashika moto? Nani ana kiberiti?"

"Wacheni ujinga!" Kisilu alipiga kelele. "Wacheni! Nimesema wacheni!"

Hakuna aliyemsikiliza. Sanduku la kiberiti lilipita juu ya vichwa, mkono kwa mkono.

Wayua akajipenyeza kati yao. Akauegemeza mgongo wake kwenye mlango, akaiinua ile mikono yake mbele yao.

"Ni wangu," alisema. "Ni mbaya, lakini ni wangu. Mwenye kuwasha aanze na mimi."

Nyuma yake, ndani, mtu alikuwa akiligonga bati kwa ngumi mbili.

"Nifungulie, Muthoki! Shemeji! Nifungulie!"

Wayua alijaribu komeo kwa viganja vyake, akashindwa. Akajaribu kwa kiwiko. Kisha akageuka, akamtazama mke wa marehemu mwanawe. Muthoki alikuwa hatua moja kutoka mlangoni. Alikisikia kijiti cha kwanza cha kiberiti kikikwaruzwa, na mikono yake miwili mizima ilikuwa bado imening'inia kando.